Muhuri wa Kuching

Ndege kutoka Kuala Lumpur hadi Kuching, makao makuu ya jimbo la Sarawak nchini Malaysia, hutumia muda unaopungua saa mbili, tiketi yake huuzwa kama ya safari ya ndani, na bado abiria akishuka hukutana na foleni ya uhamiaji kabla hajaliona begi lake. Wiki iliyopita nilisimama katika foleni hiyo nimeshika pasipoti yangu ya Tanzania, muda wa kikao changu ukikaribia, nikingoja kugongewa muhuri wa kuingia Sarawak ilhali muhuri wa kuingia Malaysia nilikwisha kuupata zamani. Nilikereka. Aliyenituliza ni mfanyakazi mwenzangu tuliyesafiri pamoja, mzaliwa wa Johor, raia wa Malaysia kwa babu na bibi, ambaye alipanga foleni ya pili, akatoa kitambulisho chake cha taifa, kikasomwa, akaruhusiwa kukaa siku 90. Akitaka kuajiriwa Kuching itambidi aombe kibali cha kazi ndani ya nchi yake mwenyewe. Nilipomuuliza kama jambo hilo halimuudhi, alinishangaa. "Ndivyo tulivyokubaliana," akasema, akaenda kutafuta begi lake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni Mtanzania gani, wa Bara au wa Visiwani, anayeweza kulisema neno hilo kuhusu Muungano wetu bila kusita. Mama yangu ni mtu wa Wete, Pemba, na baba yangu ni mtu wa Tanga. Nimekulia katika nyumba ambamo Muungano ukitajwa mezani, lazima mkubwa mmoja aseme "hayo tuyaache" na mwingine aombe apitishiwe mchuzi. Habari za runinga inayolipiwa ushuru mara mbili bandarini, za gari lenye namba za Zanzibar, za ardhi, za mgao wa Zanzibar wa asilimia 4.5, za nani ni Mzanzibari Mkaazi na nani si mkaazi, mnazijua kuliko mimi niliyeondoka, kwa hiyo sitazirudia. Ninachotaka kueleza ni namna wenzetu walivyoungana katika miaka ileile yetu, na kwa nini kero zao huzungumzwa kwa sauti ya kawaida wakati zetu hunong'onwa.

Malaysia ni nchi ya vipande viwili vilivyotenganishwa na Bahari ya China Kusini, na hata pale vinapokaribiana zaidi kuna mamia ya kilomita za maji kati yao. Magharibi kuna Rasi ya Malaya, yenye Kuala Lumpur, Penang, Melaka na watu walio wengi. Mashariki, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Borneo, kuna Sabah na Sarawak, ambazo kwa pamoja zinachukua karibu asilimia 60 ya ardhi yote ya nchi ingawa wakazi wake hawafiki robo ya Wamalaysia. Sarawak peke yake inakaribia ukubwa wa rasi nzima. Historia zao nazo zilikwenda mbalimbali. Malaya ilipata uhuru tarehe 31 Agosti 1957 ikiwa na masultani wake. Sarawak ilikuwa imetawaliwa na familia moja ya Kiingereza, akina Brooke, kwa vizazi vitatu kuanzia mwaka 1841 hadi 1946, kana kwamba ni shamba la urithi, na Sabah ilikuwa mikononi mwa kampuni ya kibiashara iliyopewa hati na Uingereza mwaka 1881. Watu wa Borneo, yaani Waiban, Wabidayuh, Wakadazan-Dusun, Wabajau na wengineo, wengi wao wakiwa Wakristo au wafuasi wa dini za jadi, hawakuwa na sababu ya wazi ya kujiona ndugu wa Wamalei wa Johor.

Waziri Mkuu wa Malaya, Tunku Abdul Rahman, alipotoa wazo la kuungana mwezi Mei 1961, wa Borneo waliogopa kumezwa, na hofu yao waliisema waziwazi. Mwaka 1962 ikaundwa tume chini ya Mwingereza, Lord Cobbold, ikazunguka Sabah na Sarawak, ikasikiliza watu zaidi ya 4,000. Jibu lake halikuwa la kupendeza wakubwa: takriban theluthi moja ya watu walitaka kuungana bila masharti mengi, theluthi nyingine walitaka kwa masharti ya kulinda haki zao, na theluthi iliyobaki iligawanyika kati ya waliotaka uhuru kwanza na waliotaka Mwingereza abaki. Ndipo Sabah ikaandika madai yake 20 na Sarawak 18, kuhusu dini, lugha, ardhi, mapato na uhamiaji. Mapatano yakatiwa saini London tarehe 9 Julai 1963. Hata siku ya kuzaliwa kwa nchi ilisogezwa kutoka 31 Agosti hadi 16 Septemba ili ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukahakikishe tena matakwa ya watu. Muhuri niliogongewa wiki iliyopita umetoka katika madai hayo: watu waliogopa kwamba rasi yenye watu wengi itawafurika, wakadai wabaki na ufunguo wa mlango, wakapewa.

Kwetu, Hati ya Muungano ilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964, Bunge la Tanganyika likaridhia tarehe 25, na tarehe 26 tukawa nchi moja. Tume ya kuuliza watu haikuwapo, na nusu karne baadaye, katika Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014, bado watu walikuwa wanaulizana ilipo hati yenyewe yenye saini.

Kuna jiwe moja katika mji wa Keningau, huko Sabah, nyuma ya safu ya milima ya Crocker, ambalo nawasihi Watanzania wanaosoma au kufanya kazi huku walifikie angalau mara moja. Wenyeji huliita Batu Sumpah, yaani Jiwe la Kiapo. Ni jiwe kubwa lisilochongwa, limebandikwa bamba lenye maandishi ya Kimalei, na lilisimikwa tarehe 31 Agosti 1964 kwa sababu watu wa bara ya Sabah hawakutosheka na karatasi za London. Walitaka ahadi iwekwe mahali ambapo mzee asiyejua kusoma anaweza kuigusa. Maandishi yake ni machache: uhuru wa dini Sabah, mamlaka ya ardhi kubaki kwa serikali ya Sabah, na mila na desturi za wenyeji kuheshimiwa na kulindwa na serikali. Kwa malipo ya hayo, wananchi wanaahidi utii kwa serikali ya Malaysia. Ni mkataba wenye pande mbili, na masharti ya kila upande yanasomeka juani na mvuani. Nilipolisoma sikuweza kuzuia fikra zangu kuvuka Bahari ya Hindi, zikatafuta jiwe la namna hiyo pale Forodhani au Mnazi Mmoja, zisilione.

Hapa ndipo ninapoanza kusikia sauti za watakaonijibu. Wa kwanza atasema: umekaa ughaibuni miaka michache, umekula laksa, sasa unatufundisha nchi yetu. Namjibu kwamba sijasema Malaysia ni pepo. Singapore, iliyoingia nayo mwaka 1963, ilitoka tarehe 9 Agosti 1965 baada ya miezi 23 tu, na waziri mkuu wake, Lee Kuan Yew, akalia mbele ya kamera. Muungano wetu haujawahi kumpoteza mwenza. Mwaka 1976 katiba yao ilirekebishwa hivi kwamba Sabah na Sarawak zikaorodheshwa pamoja na majimbo mengine kana kwamba ni Perak au Kedah, na mwaka 1974 sheria ya petroli ilikuwa imekwisha kuikabidhi kampuni ya taifa mafuta yote, majimbo yakarudishiwa asilimia 5. Leo Sabah, pamoja na mafuta yake, ina baadhi ya wilaya maskini kuliko zote nchini, na maji ya bomba ya Kota Kinabalu hukatika kwa mtindo ambao mtu wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa. Mlango wa uhamiaji nao umetumika vibaya, maana wanaharakati na wanasiasa wa upinzani kutoka rasi wamewahi kurudishwa palepale uwanjani. Temenggong Jugah, chifu mkuu wa Waiban aliyekuwa miongoni mwa waliotia saini, anakumbukwa kwa onyo lake kwamba Malaysia isije ikawa kama muwa, mtamu upande mmoja na chapwa upande wa pili, na wapo wengi Borneo watakaokuambia kwamba muwa umekwisha kufika kwenye uchapwa.

Naongeza, na hili nalisema kwa fahari isiyo na kificho: katika miaka yote hiyo Malaysia haijapata Waziri Mkuu hata mmoja kutoka Sabah au Sarawak. Sisi tumeongozwa na Mzee Mwinyi kwa miaka kumi na Rais Samia akashika nchi mwaka 2021. Vyama vyao vingi vimejengwa juu ya kabila na dini, na dini ya Mwislamu huandikwa kwenye kitambulisho chake cha taifa, jambo ambalo mzazi wangu yeyote angelisikia angeshika kichwa. Nikiwaeleza wenzangu wa kazini kwamba kwetu mtu wa Pemba na mtu wa Songea hutaniana kwa lugha moja bila mkalimani wala kinyongo, huwa wananitazama kwa wivu, nami huacha waone wivu.

Lakini tazameni walivyozishughulikia kero zao. Mwaka 2010 tarehe 16 Septemba ilifanywa sikukuu ya nchi nzima, kwa sababu watu wa Borneo walikuwa wamechoka kuambiwa nchi ilizaliwa mwaka 1957. Mwaka 2019 Sarawak ilianza kutoza kodi ya mauzo ya asilimia 5 kwa bidhaa za petroli. Kampuni ya taifa ikabisha, kesi ikaenda mahakamani Kuching, mwaka 2020 Sarawak ikashinda na kampuni ikalipa. Mwezi Desemba 2021 bunge likarekebisha katiba na kuifuta hatua ile ya mwaka 1976. Dereva wa teksi mjini Kuching atakutajia MA63, kama wanavyoyaita mapatano hayo kwa ufupi, kwa namna ile ile dereva wetu anavyotaja Simba na Yanga, na hashushi sauti. Sheria ya uchochezi ya mwaka 1948 wanayo bado, na wapo walioitwa polisi kwa kutaka kujitenga, lakini kudai kilichoandikwa katika mapatano hakuhesabiwi kuwa ni kujitenga. Kwetu, mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, aling'oka madarakani mwaka 1984 kwa sababu alitaka suala la Muungano lipelekwe mahakamani. Tume ya katiba mpya ya Jaji Warioba ikapita kwa wananchi, ikapendekeza serikali tatu badala ya mbili, na mnajua zilivyoishia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa saa. Zamani rasi ilikuwa nyuma ya Borneo kwa nusu saa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1982 ilikubaliwa nchi iwe na saa moja, na upande uliobadilisha mishale ni ule mkubwa wa watu, wenye makao makuu na fedha. Gharama yake huonekana kila siku: Kuala Lumpur jua huchomoza baada ya saa moja asubuhi, na watoto wa shule hupanda basi gizani. Sijapata kumsikia mtu wa rasi akisema kwamba Borneo imemnyang'anya alfajiri.

Mwingine atanijibu kwamba wao walikuwa na wakati wa kuunda tume, sisi tulikuwa na mapinduzi ya Januari na vita baridi mlangoni. Hoja hii naiheshimu zaidi, ila haijitoshelezi. Mwezi Desemba 1962 yalizuka maasi Brunei, iliyokaribishwa nayo ijiunge na mwishowe ikakataa. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1966 majeshi ya Indonesia ya Sukarno yalikuwa yakivuka mpaka katika misitu ya Borneo, na Ufilipino ilikuwa inaidai Sabah. Hofu walikuwa nayo, tena yenye bunduki, na bado waliandika masharti.

Na wa mwisho, ambaye najua atatoka upande wa baba yangu, atasema Zanzibar ni ndogo, haina haki ya kujilinganisha na Sarawak yenye ukubwa wa nchi kamili. Ni kweli, visiwa vyote vya Zanzibar vinaweza kupotea ndani ya wilaya moja ya Borneo. Lakini ukubwa wa ardhi haukuwa ndio msingi wa madai yao. Sabah na Sarawak ziliingia Malaysia zikitoka moja kwa moja mikononi mwa Mwingereza, zikiwa na wiki chache tu za kujitawala, wala hazikuwahi kukaa Umoja wa Mataifa kwa jina lao. Zanzibar ilipewa kiti chake huko tarehe 16 Desemba 1963. Kwa hiyo anayenikatalia mfano wangu kwa sababu pande hizi hazilingani namwomba aupime ulinganifu huo mpaka mwisho, kisha anieleze ni nani kati ya mtu wa Kuching na mtu wa Wete aliyekuwa na cha kudai zaidi siku ya kutia saini.