Pazo ya vipande elfu moja, na meza ambayo haiguswi na mtu

Siku moja naongea na mama kwa video akaniona nimeinama mezani, akauliza, unashona? Nikamwambia hapana mama, napanga picha. Nikageuza simu nikamwonyesha, vipande vimetapakaa meza nzima, mbingu imekamilika robo, tembo mmoja ana kichwa hana miguu. Akaangalia weee, akauliza ukimaliza unaipeleka wapi. Nikasema siipeleki popote, nikimaliza naivunja nairudisha kwenye boksi. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Halafu akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Baba, unakula vizuri kweli huko?"

Najua na nyie mnacheka, maana hata mimi nilicheka mwaka wa kwanza.

Kwa asiyeijua, pazo ni picha imebandikwa kwenye kadibodi ngumu halafu ikakatwa vipande vidogo vidogo vyenye vichwa na mashimo, kazi yako ni kuvirudisha vishikane. Sisemei zile za watoto za vipande 12 zenye katuni. Ya watu wazima ya kawaida ina vipande 1000, ikikamilika ni kama sentimita 70 kwa 50, na ukienda dukani utakuta michoro ya wasanii wakubwa wa zamani, utakuta vyakula (keki, jibini, pipi, keki tena), na utakuta mandhari, milima na maua na wanyama. Bongo tunasema walioko nje wanabeba maboksi, sasa mimi nafanya kea, natunza wazee hapa Coventry, Uingereza, na boksi la kwanza kulibeba kwa hiari yangu lilikuwa la pazo, pauni 2 duka la chariti. Jipya ni pauni 15 hivi. Piga hesabu, karibu elfu hamsini za kwetu kununua picha ambayo ishachanwa tayari.

Nilijifunzia kazini. Kwenye nyumba ya wazee niliyoanzia kulikuwa na meza pale dirishani na siku zote ilikuwa na pazo juu yake, mzee anapita anaweka vipande viwili anaenda zake, mwingine anakuja anakaa saa nzima hajaweka hata kimoja ila anaangalia tu. Kulikuwa na bibi mmoja alikuwa haelewi Kiingereza changu na mimi sielewi chake, yaani tulikuwa tunaitikiana ndiyo ndiyo kila mtu na ndiyo yake. Jioni moja baada ya kumpa chai akanisogezea rundo la vipande vyenye upande mmoja ulionyooka, akanigongea meza na kidole, kwamba anza na hivi. Ndo kanuni ya kwanza hiyo: fremu kwanza, pembe nne na kingo, halafu rangi, mbingu mwisho. Na ukishabaki na mbingu tupu acha kutafuta rangi maana yote ni bluu, panga kwa maumbo, vya vichwa viwili kule, vya vichwa vitatu huku. Tulipanga fremu nyingi sana mimi na yule bibi na sidhani kama tulishawahi kumaliza sentensi moja.

Baadaye nikaja kusoma historia yake nikakuta inachekesha kidogo. Ilianza London miaka ya 1760, jamaa anaitwa John Spilsbury, mchonga ramani, alikuwa anabandika ramani kwenye ubao wa mahogani anaukata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wa wenye nacho wajifunzie jiografia. Ndiyo, ramani. Walianza kujikata wao kwa wao kwenye mbao, miaka mia na ushee mbele wakaenda kukaa Berlin 1884 wakakata ramani ya kwetu Afrika, na ile mpaka leo kuna vipande havijakaa. Haya tuyaache. Kilichonigusa zaidi ni Marekani miaka ya 1930, uchumi umeanguka, watu hawana kazi, ndo zikatoka pazo za kadibodi za bei chee zinazokatwa kwa mashine, zikawa zinauzwa mpya kila wiki kwenye vibanda vya magazeti, na asiye na hela ya kununua anaazima maktaba au anakodi duka la dawa. Halafu 2020, Korona, watu wamefungiwa ndani, pazo zikaadimika madukani. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba huu ni mchezo wa watu walioshiba wakakosa cha kufanya. Kazi zikiisha au milango ikifungwa, ndo unauzika.

Na hapo ndo linapoanza langu.

Kwetu mchezo lazima uwe na mwenzako. Drafti pale kijiweni, ubao wa plaiwudi na vizibo vya soda, wanaocheza wawili, waliosimama wanane, na wote wanane ni makocha. Bao hivyo hivyo, karata hivyo hivyo, dhumna ndo usiseme, ile kuigonga mezani mpaka mtaa wa pili wajue umefunga. Raha yenyewe ni yule unayemfunga na maneno utakayomwambia. Pazo haihitaji mtu. Haikungojei zamu, haikusemi, hamna wa kumtambia, ukiweka kipande cha mwisho unaangalia kulia, unaangalia kushoto, unaenda kuosha vyombo.

Ila tofauti kubwa mi nimeiona kwenye meza, tena nimeiona kwa kuchelewa. Miaka miwili ya kwanza nilikaa nyumba ya kushea, watu watano na jiko moja, pazo yangu ilikaa ndani ya boksi kabatini kwa sababu hakuna sehemu bapa ndani ya nyumba ile ambayo ingekaa siku mbili haijawekewa sufuria. Nikahamia kafleti kangu, nikanunua meza, nikaimwaga. Nikawa naenda shifti ya usiku narudi asubuhi, kipande nilichokiacha pembeni ya kikombe bado kipo pembeni ya kikombe. Wiki ya kwanza nikafurahi sana aisee, nikasema hii ndo maisha. Wiki ya tatu nikarudi nikakuta kiko pale pale na nikakaa chini na koti langu mwilini nikakiangalia. Wiki tatu hakuna mtu aliyegusa meza yangu. Hakuna aliyeweka funguo, wala daftari, wala kiwiko.

Mfikirie meza ya sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga. Asubuhi chai. Mchana watoto wa dada wanaandikia homuweki. Alasiri jirani anakuja "mara moja tu" anaweka kapu lake la sokoni anakaa mpaka magharibi. Jioni nguo za kupiga pasi, usiku meza inasukumwa ukutani godoro linashuka. Sasa wewe niambie vipande 1000 vinakaa wapi wiki tatu? Kuna kampuni ya Ujerumani, Ravensburger, waliwahi kutoa pazo ya vipande 40,320, urefu wake karibu mita 7. Sebule ya mama haifiki huko hata ukihesabu na kibaraza.

Kwa hiyo nikisikia mtu nyumbani anasema wazungu wanacheza vya kitoto namwona hajaelewa, na nikimsikia mwenzetu wa huku anasema maskini wazungu wapweke, si kama sisi, naye namwona anajidanganya, maana ana meza kama yangu na tofauti yake na yule bibi ni kwamba yeye kaweka TV mbele yake. Upweke wa huku wenyeji wameutafutia vifaa. Sisi tumekuja bila vifaa. Kijiwe hakisafirishwi, nimejaribu, mkipatana Jumamosi saa kumi mwenye shifti kaitwa kazini, mwenye mtoto kabanwa, mnabaki wawili na ndizi za kukaanga za watu kumi.

Nikaanza kuzichagua picha kwa makini. Za vyakula niliacha haraka, jaribu kupanga duka zima la keki saa tisa usiku una njaa uone, na hakuna hata moja niliyokutana nayo yenye kitumbua. Iliyonishika kweli ni mchoro wa Bruegel, mchoraji wa zamani wa Ulaya, wa mwaka 1560, ule wa michezo ya watoto, mtaa mzima umejaa watoto zaidi ya 200 na michezo zaidi ya 80, wengine wanasukuma maringi kwa fimbo kama sisi na ringi la baiskeli, wengine wanarukana migongo. Kona ya chini kushoto kuna wawili wamekaa wanacheza kwa vifupa, wanarusha na kudaka. Mdako! Nilipokifikia kile kipande nilipiga kelele peke yangu. Miaka zaidi ya 460, nchi ya baridi, na wanacheza mdako. Ule mchoro niliupanga mara mbili na mara zote nilihisi nyumba ina watu.

Sasa ile ya tembo. Ilikuwa mlima Kilimanjaro na theluji yake, mbele tembo wanapita kwenye majani makavu, boksi limeandikwa Afrika tu, basi, kana kwamba mlima hauna mwenyewe. Jamaa wa Kenya niliyekuwa nashea naye alikuja kunisalimia, akaangalia sekunde mbili, akasema, "Hiyo ni Amboseli, boss. Hao ndovu ni wetu." Nikamwambia mlima uko Tanzania. Akasema mlima sawa, lakini mpiga picha alisimama Kenya, ndovu wamesimama Kenya, majani ni ya Kenya, nyinyi mko na ile barafu tu na hata hiyo inaisha. Tukabishana saa nzima, na huku tunabishana mikono inapanga, akala ugali wangu, akaenda zake saa tano usiku akiwa kanimalizia miguu ya tembo wote. Ile ndo siku pekee pazo ilikuwa na kelele ndani ya fleti yangu, nasema ukweli, ilinoga kama drafti.

Ndo nikapata wazo la kuituma nyumbani. Nikaivunja, nikampa mtu anayekwenda likizo. Nilitamani niwatumie ya Tingatinga, samaki wale na ndege wa rangi kali, kwanza Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alipoanza pale Dar mwaka 1968 alichorea kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli, yaani ubao ulishakuwepo ulikosa msumeno tu. Ila niliyokuwa nayo ni ya tembo.

Mama akanipigia baada ya wiki. Walitandika mkeka uani, watoto wa dada wakaita wenzao, wenzao wakaita wakubwa zao, na yule jirani wa mara moja tu naye akakaa. Hawakuanza na fremu, walianza na tembo, kila mtu na tembo wake. Kesho yake mchana imeisha. Kipande kimoja cha mlima hakikuonekana, wakakata boksi la sabuni kwa mkasi wakakipaka chaki nyeupe. Halafu fundi seremala akaigandisha yote kwenye plaiwudi kwa gundi ya mbao, akaitia fremu, sasa hivi iko ukutani juu ya TV.

Nikamwambia mama lakini ile inatakiwa kuvunjwa, ndo mchezo wenyewe, unavunja unapanga tena. Akasema, "Tuivunje ili iweje? Na watu wanakuja kuiangalia."

Kaagiza nyingine. Kasema safari hii wawe samaki, mlima sebuleni upo tayari.