Taa ya buluu haina miujiza

Ndugu mwandishi, ahsante kwa makala ya kung'arisha meno, ila hapo uliposema taa ya buluu inayomulikwa menoni ndiyo inayoleta weupe umeteleza. Kinachofanya kazi ni dawa yenyewe, peroksidi, inayopenya jino na kuvunjavunja rangi iliyoingia ndani. Tafiti nyingi zimelinganisha meno yaliyomulikwa na yasiyomulikwa, na baada ya wiki kadhaa tofauti ni ndogo mno. Siku hizi watafiti wanahangaikia zaidi namna ya kupunguza ukali wa dawa. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2012, hata daktari wa meno haruhusiwi kupita asilimia 6 ya haidrojeni peroksidi.

Mimi nilipakwa saluni moja hapa Mombasa, na hata mpakaji hakujua ni asilimia ngapi. Usiku ule maji ya mtungi tu yalinitia ganzi mpaka kisogoni, ufizi ukababuka. Isitoshe, jino langu la bandia la mbele (meno ya bandia peroksidi haiyabadilishi rangi, hakuniambia mtu) likabaki la njano peke yake kama punje ya mahindi. Mke wangu anacheka hadi leo.

Na tambuu, inayotia meno rangi, sijaacha.