Koti Limebaki Stoo

Kwanza kabisa, dirisha halikuvunjika. Naanza na hilo kwa sababu mpiga kinanda wetu, mtu niliyekuwa namwita rafiki hadi juzi saa sita mchana, ameshatangaza kwamba mwalimu wa vijana "amevunja dirisha la kanisa akimkimbia dada." Dirisha ni zima. Dada ni mzima. Na sikuwa namkimbia, nilikuwa nalinda heshima yake. Sawa, na yangu kidogo.

Somo lilikuwa "Vijana wa Kiume na wa Kike Katika Utumishi". Nilipewa mimi kwa sababu mzee aliyepangwa alipata dharura, ile dharura ambayo wazee hupata kila somo hili likikaribia. Nikajiandaa wiki nzima. Nikavaa koti. Lishikeni hilo koti, tutarudi kwake.

Kipindi cha kwanza chote nilikitumia kwa Yusufu na mke wa Potifa, Mwanzo 39. Ndugu zangu, siku hiyo nilikuwa na upako wa maigizo. Nilipofika mstari wa 12, pale yule mwanamke anapomshika Yusufu vazi naye analiacha mkononi mwake na kukimbia, nikavua koti mbele ya vijana, nikaliacha kwenye kiti, nikatimua mbio hadi mlangoni na kurudi. Vijana wakashangilia. Nikaona hapa nimewapata, nikawafundisha na kiitikio. Mimi nasema, "Ukibanwa?" Wao wanajibu, "Acha koti!" "Ukishikwa?" "Acha koti!" Tukaimba hivyo mpaka watoto wa darasa la chini wakaja kuchungulia.

Kisha nikatoa sheria zangu. Kaka na dada wasikae wawili peke yao chumbani. Ikibidi kuingia, mlango ubaki wazi. Na wakati wa mapumziko, kaka upande huu wa uwanja, dada upande ule. (Hiyo ya tatu niliitunga palepale. Nilikuwa nimenogewa.)

Dada Mhazini akanyoosha mkono. Huyu ndiye anayeshika daftari la michango yetu, na hajawahi kukosea hesabu, jambo linalotosha kumfanya mtu aogope maswali yake.

"Mwalimu, Paulo anamwambia Timotheo wanawake vijana awaone kama ndugu zake, kwa usafi wote. Sasa dakika arobaini hizi umetufundisha kama sisi ni moto na hawa ni nyasi. Warumi 16 tutafika lini? Fibi yuko pale, Priska yuko pale pamoja na Akila, Trifaina na Trifosa wako pale, Persisi yuko pale. Paulo anawataja kwa kazi waliyoifanya. Hatujasikia habari ya koti."

Nikamjibu jibu la kila mwalimu ambaye hakujiandaa: "Swali zuri sana. Tutaligusa baada ya mapumziko."

Mapumziko yakaanza. Nikaweka simu yangu mimbarani ihesabu dakika kumi na tano, nikaingia stoo kutafuta bango na kalamu za rangi, niandike yale majina ya Warumi 16 kwa herufi kubwa, ionekane nilikuwa nimeyapanga tangu mwanzo. Dada Mhazini akaja kunionyesha vilipo, maana vifaa vyote viko kwenye daftari lake.

Wanaosema nilisahau sheria zangu, sikilizeni. Sikusahau! Kitasa cha ule mlango upande wa ndani kiling'oka zamani, limebaki tundu tu. Najua mimi, anajua yeye, linajua kanisa zima. Kwa hiyo nilichukua boksi la vitabu vya nyimbo, zito, nikauzuia mlango. Ukawa wazi kama nilivyofundisha.

Ila kabla ya kuingia nilikuwa nimewatuma vijana wawili: "Nendeni mlete lile boksi la vitabu vya nyimbo."

Wale vijana ni watiifu. Walikuja, wakabeba boksi, wakaondoka wakiimba. Mlango ukajifunga nyuma yao taratibu, kwa heshima, kama unaogopa kumwamsha mtoto.

Tukatazamana. Yaani dakika ishirini tu zimepita tangu niseme "wawili, chumbani, mlango".

Dada Mhazini akasema, kwa utulivu wa mtu anayesoma salio, "Tugonge, watafungua."

Nikamwambia, "Usigonge!"

"Kwa nini?"

"Atakayefungua atatukuta wawili."

"Si ndivyo tulivyo?"

Hapo ndipo akili yangu ilipovuka kwenda ng'ambo na kuniacha peke yangu. Nikaanza kupiga hesabu: tukigonga sasa, tumekaa dakika moja. Tukingoja, zinakuwa tano, na dakika tano hazielezeki kama dakika moja. Sasa kama ni hivyo si ndiyo ugonge haraka? Najua. Sasa hivi najua. Kule stoo nilijua kitu kimoja tu, kwamba juu ya rundo la viti kuna dirisha dogo la kupitisha hewa.

Mpango wangu ulikuwa huu: nitoke peke yangu kimyakimya, nizunguke hadi mlangoni, nifungue kwa nje, niseme kwa sauti kubwa, "Aah, Dada, kumbe uko humu!" Msinicheke, nilipouwaza ulikuwa na mantiki kabisa.

Yeye wakati huo ameinama anachungulia lile tundu la kitasa. "Kaka, nisogezee huo mkasi hapo kwenye rafu." Mimi nahutubia. Nikamwambia dirisha si jambo la aibu, watu wa Mungu wametoka sana madirishani. Mikali alimteremsha Daudi dirishani. Rahabu aliwateremsha wapelelezi dirishani. Paulo mwenyewe alitokea dirishani kule Dameski!

Bila kuinua kichwa akasema, "Paulo alikuwa na kapu. Wapelelezi walikuwa na kamba. Wewe una nini?"

Nilikuwa na koti.

Nikapanda viti. Hapo simu yangu ikaanza kulia kule mimbarani: mapumziko yamekwisha, na sasa kila mtu anamtafuta mwalimu. Nikaingiza kichwa dirishani. Kikapita. Nikaingiza bega moja, nikajikunja, la pili likafuata. Mikono nikaibana mbavuni ili nipite, na hilo ndilo kosa nitakaloliungama hadi uzeeni, kwa sababu mabega yalipotoka nje, mikono ilibaki ndani, imebanwa pamoja na mwili, na kwenda mbele ikawa haiwezekani, na kurudi nyuma ikawa haiwezekani. Nusu yangu ilikuwa uwanjani kama picha ya ukutani. Nusu nyingine ilikuwa stoo inapiga mateke hewani.

Nikainua macho.

Vijana wote walikuwa pale. Wote. Kaka wamejipanga upande huu, dada wamejipanga upande ule, kama nilivyoagiza, na katikati wameacha nafasi safi inayotazamana na dirisha moja tu. Kama ningelipanga kwa makusudi nisingelipata mstari mzuri hivyo.

Hakuna aliyesema kitu. Dada mmoja alikuwa anarekebisha kamba ya kiatu, akabaki vilevile ameinama. Kimya kile sijawahi kukipata hata nikiwa mimbarani.

Nikafanya nini? Nikasema, "Bwana asifiwe."

Wakajibu, "Amina," wote kwa pamoja, kwa mazoea.

Kijana mmoja wa kiume, mpole, akauliza, "Mwalimu, tukusaidie?"

"Hapana, hapana. Naangalia hewa."

"Hewa?"

"Hewa ya stoo. Kama inatoka."

Nimezieleza siku zangu zote mbele za Mungu, na hiyo "kama inatoka" bado sijapata jinsi ya kuieleza. Na ndani, Dada Mhazini akaona viti vinaanza kuteleza chini ya miguu yangu. Akafanya ambacho mtu yeyote mwenye huruma angefanya: akanishika koti kwa nyuma, kwa mikono miwili, nisianguke. Tena akasema kwa sauti, Mungu ambariki, sauti ile inayosikika hadi barabarani:

"Tulia! Nimekushika!"

Uwanjani kukasikika pumzi moja kubwa. Niliwaona wakielewa. Lilianza kwa mmoja, likahamia kwa wa pili, kama moto kwenye zile nyasi zangu. Mwanamke ndani. Mwanamume anatoka. Koti limeshikwa. Na mpiga kinanda, amesimama nyuma kabisa na kitabu chake cha nyimbo, akauliza taratibu kwa sauti yangu mimi, kwa mkato wangu mimi:

"Ukishikwa?"

"ACHA KOTI!"

Viti vikaondoka. Nataka mjue kwamba sikuliacha mimi, lilijivua. Mikono iko nyuma, kifungo kiko wazi, mtu anavuta kule na uzito wangu unavuta huku. Nilisikia mkono wa kulia ukichomoka, bitana ikasema chwaaa, kisha wa kushoto, na koti likabaki stoo huku mwenye koti akitoka dirishani taratibu, kichwa kwanza. Nilipata muda wa kuwaza mambo matatu kabla ya kutua. Kwamba nje ardhi iko juu, afadhali. Kwamba chini ni bustani ya maua. Kwamba maua yametoka kumwagiliwa.

Nikatua kwa shavu.

Nilikaa pale kidogo. Tope lina amani yake, halikuulizi maswali. Juu yangu nikasikia sauti nyembamba ya msichana wa darasa la kipaimara, ambaye hukariri kila kitu: "Huyu sasa si Yusufu. Huyu ni Eutiko. Matendo 20, aliyeanguka dirishani." Mwenzake akamsahihisha: "Eutiko alianguka Paulo akihubiri. Huyu ndiye mhubiri mwenyewe."

Halafu mlango wa stoo ukafunguka.

Ulifunguka kwa ndani. Dada Mhazini akatoka anatembea, hana haraka, hana hata vumbi. Mkono wa kushoto koti langu, mkono wa kulia mkasi. Alikuwa ameuingiza kwenye tundu la kitasa, akazungusha mara moja, basi. Akazunguka jengo, akapita katikati ya ile nafasi niliyowaambia waiache, akasimama mbele yangu nikiwa bado nimekaa kwenye maua, akaninyooshea koti.

"Mwalimu, nina swali moja."

"Uliza, dada."

"Katika hadithi hii, mimi ndiye mke wa Potifa?"

Jamani, tope la shavuni linakauka, lakini hilo swali bado liko pale pale. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jani la ua mdomoni.

Mengine yalienda haraka. Mchungaji alikuja, akatazama dirisha, akanitazama kiuno, akatazama tena dirisha, akaenda zake bila neno, mabega yanamtikisika. Kipindi cha pili alikifundisha Dada Mhazini: Warumi 16, jina kwa jina, bila bango, na watu waliandika. Alipofika kwa Priska na Akila, akakumbusha Matendo 18, walivyomkalisha mhubiri Apolo na kumweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, akanitazama kidogo tu. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, suruali imelowa, katikati kabisa ya kaka na dada, maana sheria ya tatu ilikuwa imefutwa kwa kauli moja na hakuna aliyeniuliza. Kitasa kimetengenezwa, gharama imeandikwa kwenye daftari chini ya jina langu. Mpiga kinanda sasa hupiga noti tatu za huzuni kila nikisimama kutoa tangazo.

Kipindi kijacho ni Debora na Baraka, yule jemadari aliyemwambia nabii wa kike kwamba bila yeye haendi vitani. Atafundisha Dada Mhazini. Jana nilipita ubaoni kuona ratiba ya zamu. Nimepangiwa kushika mlango.