Tatizo sio kisahani, tatizo ni saketi

Kila mwaka kwenye maonyesho ya wanafunzi namkuta kijana kashona visahani vya piezo, vile vinavyotoa umeme vikibanwa au kutikiswa, ndani ya soli ya kiatu, taa ya LED inawaka, watu wanapiga makofi, halafu anasema siku moja kitachaji simu. Huwa naumia kweli, manake huyo kijana ana akili na anaipoteza mahali pasipo na kitu, na hakuna mwalimu aliyemuonyesha kazi yenyewe ilipo. Kazi ipo kwenye saketi inayokaa katikati, kati ya kisahani na betri.

Tupige hesabu kidogo. Chukua kile kisahani cha shaba cha milimita 27 unachong'oa kwenye alamu mbovu, chenyewe kwa ndani ni kapasita, yaani kinatunza chaji, ukipima unapata kama nanofaradi 20. Kifunge kwenye mota ya mashine ya kusaga, sio kwa kukibandika tu, kikae kwenye ubapa mwembamba wa chuma wenye kizito mwishoni ili ucheze na mdundo wa mota. Mota nyingi za nguzo nne zinazunguka kama mara 1,450 kwa dakika, yaani kama mitetemo 24 kwa sekunde. Tuseme kinakupa kilele cha volti 10 kikiwa hakijafungwa mzigo. Ukipitisha kwenye daraja la dayodi nne, linalofanya umeme unaoenda na kurudi uende upande mmoja, hata dayodi ziwe hazili kitu kabisa, juu kabisa utapata maikrowati 48, yaani sehemu 48 za milioni za wati. Chaja ya kawaida ya simu ni wati 5, kwa hiyo unahitaji visahani zaidi ya laki moja!

Sasa wengi wakifika hapa wanakata tamaa wanasema piezo ni toy. Mi nakataa. Angalia hizo maikrowati 48 zimepatikanaje: kila mtetemo ukigeuka, chaji inayozalishwa lazima kwanza ikageuze volti za kapasita ya kisahani chenyewe kutoka hasi kwenda chanya, na mpaka hapo dayodi bado zimefunga, hakuna kinachofika kwako. Hata ukipanga volti za kutokea vizuri kabisa, yaani nusu ya kile kilele, nusu ya chaji yote inaishia humo. Ni kibarua ambaye nusu ya mshahara inakwisha kwenye nauli ya daladala ya kwenda kazini. Na kama kisahani chako kinatoa volti 3 tu halafu umeweka dayodi za silikoni, mbili zinafanya kazi kwa pamoja, volti 1.3 hivi zimeshaondoka, umebaki na nini?

Dawa ya hiyo nauli ilipatikana zamani. Akina Daniel Guyomar kule INSA Lyon, chuo cha uhandisi Ufaransa, mwaka 2005 walieleza njia ya kuweka koili na swichi sambamba na kisahani. Mtetemo ukifika kileleni swichi inaunganisha kidogo tu, chaji inapita kwenye koili inaenda upande wa pili kama bembea, volti zimegeuka zenyewe bila kula chaji mpya. Ukiwa na koili ya milihenri 1 kwenye nanofaradi 20 shughuli yote inachukua kama maikrosekunde 14, yaani sehemu 14 za milioni za sekunde, wakati nusu ya mtetemo wetu ni milisekunde 21, kwa hiyo swichi inalala karibu muda wote. Mwaka 2010 Ramadass na Chandrakasan wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa chipu ya namna hiyo iliyovuna zaidi ya mara 4 ya daraja la kawaida, kisahani kilekile, mtetemo uleule. Hapa ndo nataka vijana wetu wakeshe!

Ugumu upo lakini, sidanganyi. Swichi lazima ijue kilele kimefika, na kile kinachojua kinakula umeme, ukiwa na maikrowati 48 huwezi kuweka maikrokontrola, ile kompyuta ndogo ya chipu moja, iko macho muda wote. Koili nayo ikiwa na waya mwembamba wenye ukinzani mkubwa bembea haifiki upande wa pili. Ndo maana kwa anayeanza nasema nunua chipu ya kuvuna umeme ya LTC3588-1, daraja limo ndani, ikiwa haina mzigo inakula nanoampea 950 tu, inakusanya kwenye kapasita mpaka zitoshe ndo inatoa volti 1.8 hadi 3.6. Haigeuzi volti za kisahani kwa koili kama njia ya akina Guyomar, lakini inakufundisha subira ya kukusanya.

Na kukusanya kunalipa jamani. Maikrowati 48 kwa saa nzima ni kama milijuli 170, hapo sensa inaamka mara kadhaa, inapima joto la beringi, inatuma ujumbe mfupi kwa redio, inalala tena, bila betri ya kubadilisha. Mwenye mashine anajua beringi inakaribia kufa kabla haijasimama wakina mama wakiwa kwenye foleni na madebe yao ya mahindi.

Mi mwenyewe nimefika kwenye swichi, transista mbili na kapasita ndogo inayofuata kilele, kwenye benchi inageuza vizuri ila kwenye mashine halisi inachelewa, nadhani ni kelele za mkanda. Aliyewahi kuchuja hicho kitu bila kuongeza matumizi aandike hapo chini, na kama unajua duka lenye koili nzito za milihenri 1 niambie pia.