Lazima iume ndio tuamini inafanya kazi?

Mimi ni msusi pale Kenyatta Market, huu mwaka wa 11, na kama kuna kitu najua kuhusu watu wa Nairobi ni hiki: ukimsuka mtu pole pole bila kuvuta, akitoka hapo haamini amesukwa. Anashika shika kichwa, anauliza "na hii itashika kweli?" Lakini ile ya kuvuta mpaka nyusi zinapanda, ile ya kumeza Panadol ndio upate usingizi, hiyo ndio anasifia na wiki ijayo analeta dada yake. Nywele za mbele zinaisha kidogo kidogo, paji la uso linaongezeka, na bado anakwambia vuta.

Nimeanza na hiyo stori juu mgongo wangu niliufanyia vile vile.

Kazi yetu si unaijua, kastoma anakaa kwa kistuli, wewe umesimama umeinama, na si kuinama kabisa, ni ile ya katikati ambayo ndio mbaya, masaa 7, masaa 8, na kama ni rasta ndogo ndogo mnakuwa watatu kwa kichwa kimoja kila mtu akitafuta pa kupitisha mkono. 2021 kiuno kikaanza. Halafu shingo. Halafu kichwa cha kila jioni. Kwanza nikaenda kemisti, na tembe sikutaka, nilitaka sindano, tena nikimkazia yule kijana macho asije akaniwekea maji. Diklofenaki, ile ya kutuliza maumivu. Nikaizoea mpaka tumbo likaanza kuchoma, na hapo ndio nikaambiwa hizo dawa ukizitumia muda mrefu zinaweza kukuletea vidonda vya tumbo na kusumbua figo. Sawa, nikahamia masaji. Kuna jamaa alinipanda na kiwiko nikalia machozi, nikamlipa, nikatoka nikisema huyu ndio anajua kazi. Siku 4 sikuweza kuinua mkono kufunga hata nywele zangu. Nikanunua mkanda wa mgongo 1,800. Mwishowe nikapigwa eksirei na daktari akaniambia bila hata kuniangalia, "mgongo umeanza kulika." Miaka 37! Nilienda nyumbani nikitembea kama kiti cha plastiki chenye mguu umepasuka, naogopa hata kuinua sufuria ya ugali.

Kitu hakuna mtu aliniambia siku hiyo ni kwamba watafiti walishajumlisha picha za migongo ya watu ambao HAWANA maumivu yoyote, matokeo yakatoka 2015, na hata kwa wale wa miaka 20 asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa, zile pedi za kati ya mifupa ya mgongo, wa miaka 80 ni asilimia 96. Yaani ni kama mvi. Mtu akiona mvi kichwani kwako hakwambii ubongo umeanza kulika. Na ile hofu pekee ilinikaza mgongo kuliko kazi yenyewe, hilo nitalisema popote.

Fizio, wale wa tiba ya viungo, nilienda kwa kusukumwa na kastoma wangu mmoja. Nikapata kijana mdogo hata nikadhani ni mwanafunzi. Akanilaza chali kwa mkeka, magoti juu, akasema "mama, pumua tu kwanza." Nikangoja aanze kazi. Akasema nigeuze kiuno kidogo sana, kidogo kama mshale wa saa ukitoka dakika moja kwenda nyingine, na nikisikia najikaza nipunguze nusu, halafu nipunguze tena. Dakika 40 hivyo. Hakunibonyeza popote. 2,000. Nilitoka hapo nimekasirika, elfu mbili ya kulala! Jirani yangu sokoni akaniambia wazi huyo amekuibia, ungempa yule wa kiwiko.

Nilirudi juu tu nilikuwa nimelipia mara mbili.

Siku hiyo ya pili nikamuuliza kwa nini hataki kufinya. Akanipa mfano wa ploti. Ploti ikiibiwa, soja anakuwa mkali, anasimamisha kila mtu, hata wewe mpangaji wa miaka 6 umebeba sukuma wiki anakuuliza unaenda wapi. Mwizi alishaenda kitambo lakini soja bado anapiga filimbi. Maumivu yakipita miezi 3, hapo ndio wanaanza kuyaita ya kudumu, mara nyingi shida si tena pale palipoumia, ni mishipa ya fahamu na ubongo vimezoea kupiga filimbi. Sasa ukimwendea soja kama huyo na kelele, na kiwiko, si unampa sababu? Anataka kuona watu wakipita salama, pole pole, kila siku, mpaka atulie mwenyewe.

Na ule udogo wa kusogea una sababu yake, hii ndio iliniingia kabisa. Ukiwa umebeba jerikeni ya lita 20 na mtu aweke chungwa juu yake, hutajua. Ukiwa na chungwa moja mkononi akuongezee lingine, utajua hapo hapo. Hilo lilichunguzwa na Mjerumani mmoja, Weber, karne ya 19 huko, na baadaye Moshe Feldenkrais, mtu wa fizikia na judo aliyekuwa anasumbuliwa na goti, akalitumia kutengeneza njia yake ya kufunza mwili kwa miondoko midogo ya taratibu. Ukitumia nguvu nyingi huwezi kusikia ni wapi umejikaza bure. Mimi miaka yote nilikuwa jerikeni.

Wiki ya tatu simu yangu ikalia nikiwa kwa mkeka, akaniuliza, "hiyo simu ikilia mabega yako yanaenda wapi?" Yalikuwa masikioni. Ilikuwa ni wale wa mkopo wa simu. Nilikuwa na mikopo mitatu, na kila simu ikilia nilikuwa nashika pumzi, napumua juu juu kwa kifua, na ukipumua hivyo misuli ya shingo ndio inavuta mbavu. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, piga hesabu ya siku nzima, haikosi 17,000. Shingo yangu ilikuwa inafanya hiyo kazi yote na bado nasuka.

Na hapa kuna watu wataruka waseme aha, kumbe ni stresi tu. Hiyo "tu" inanikera sana. Maumivu yalikuwa ya kweli, kiuno ni kile kile, stresi ni moja ya vitu vilivyokuwa vinaongeza sauti. Na si kila mgongo ni wa kulala kwa mkeka, ukikosa kuzuia mkojo, ukifa ganzi katikati ya miguu, ukiwa na homa au unakonda bila sababu, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo. Masaji pia siitukani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya kiuno ya kudumu Disemba 2023, na masaji imo, mazoezi yamo, kusaidiwa kimawazo imo. Mikanda ya mgongo wanasema msiwape watu kama kawaida. 1,800 yangu hiyo.

Wenye huniudhi zaidi ni wale wamechukua hiki kitu cha kusogea pole pole wakakipeleka Kilimani kwa wenye pesa, wakakiwekea mishumaa na muziki wa maji, sasa mama wa Kawangware akisikia anajua si yake. Mkeka niliununua hapa hapa sokoni. Kupumua ni bure. Kilichokuwa ghali ni dakika 15 za asubuhi bila mtu kuniita, na hizo nilizipigania na watoto, na kelele ya mabati ya jirani, na mimi mwenyewe nikijiona mvivu nikilala chini saa 12 na vyombo vimejaa.

Sijapona. Tarehe 5 ya rent kiuno bado kinanitafuta, na siku za Disemba za vichwa vinne najua nitalipa. Lakini sindano ya mwisho nilidungwa mwaka juzi, na yale maumivu ya kichwa cha jioni siyakumbuki sana.

Mkanda nao unafunga pakiti za rasta kwa shelfu. Jumamosi nimesuka msichana bila kuvuta hata kidogo, akajiangalia kwa kioo, akashika shika mbele, akaniuliza kama nimechoka.