Kett naye alikuwa na uzio

Watu wakiongelea ardhi Uingereza karne ya 16 wanakimbilia stori moja, matajiri waliweka uzio wakaingiza kondoo, maskini wakafukuzwa. Kweli, ila ni nusu tu.

Kati ya 1536 na 1540 mfalme Henry VIII alifunga nyumba za watawa, kama 800 hivi, na vita vilivyoanza kumla hela akauza mashamba yao. Hapo ndo soko likachangamka, wanasheria, wafanyabiashara wa London, wakulima wenye akiba, wote ndani, na mtu ambaye baba yake hakuwa na jina anaanza kupewa shikamoo kijiji kizima (kwa namna yao). Hata Shakespeare, mtoto wa fundi glovu, 1602 alinunua ekari 107 kwao Stratford kwa pauni 320. Ukisema watu walipanda daraja hujakosea.

Ila waliopanda ni kina nani? Bei zilipanda karne nzima, sasa mkulima mwenye kodi ya shamba isiyobadilika na karatasi ya kumlinda anauza ngano kwa bei mpya analipa kodi ya zamani, raha mustarehe. Jirani yake ambaye mkataba ukiisha mwenye shamba anajipangia ada, huyo taratibu anageuka kibarua. Na mwenye kibanda na ng'ombe mmoja anayemlisha malisho ya wote, uzio ukipita ng'ombe hana pa kula, basi tena. Sheria za kuzuia uzio zilikuwepo tangu 1489 lakini mahakimu wa wilayani wengi walikuwa wenye mashamba haohao, sasa utategemea nini hapo. Kwa hiyo mi naona kondoo wanasingiziwa sana, kilichogawa watu ni aina ya haki aliyonayo mtu kwenye shamba lake.

Mcheki Robert Kett. Julai 1549 huko Norfolk watu wanabomoa uzio wa mwanasheria mmoja anaitwa Flowerdew, akawapa hela waende wakabomoe wa Kett, maana wawili hao walishagombana kuhusu kanisa la watawa la Wymondham. Kett naye tajiri ana mashamba, lakini badala ya kupigana nao akaungana nao, akabomoa wa kwake, akaongoza maelfu mpaka mji wa Norwich. Uasi ukazimwa, Desemba akanyongwa. Lakini soma madai yao 29 uone, la kwanza kabisa linataka uzio mpya usiwekwe, isipokuwa walioshazungushia mashamba yao ya zafarani wasiguswe!