Fizi Zikitoka Damu, Usizinyamazie

Linaniudhi jambo moja: mtu anapiga mswaki, anatema, anaona mate yamechanganyika na damu, anafungulia maji na kwenda zake. Wengine huacha kabisa kupagusa pale panapotoka damu, wakidhani wanapapumzisha. Kumbe ndipo panapohitaji mswaki zaidi, kwa mkono mwepesi.

Fizi zenye afya hazitoki damu ovyo. Zikitoka, mara nyingi chanzo ni ukoga, ule utando wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na ufizi. Ukiuondoa kila siku, kwa kawaida uvimbe hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ukiuacha, hugeuka mgumu kama jiwe, mswaki usiweze kuubandua, na ugonjwa unaweza kushuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia jino. Mfupa huo ukishaliwa haurudi wenyewe. Mengi ya haya hutokea bila maumivu, ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaosema watamwona daktari wa meno siku jino litakapouma. (Mvutaji sigara ajihadhari zaidi: moshi hupunguza kutoka damu hata fizi zikiwa zinaharibika.)

Ila ninalotaka tulizungumze hasa ni kisukari. Sukari ikikaa juu, mwili hupambana na vijidudu kwa shida, na fizi huharibika upesi. Fizi nazo zikivimba kwa muda mrefu, huchochea uvimbe mwilini na kuifanya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ishindwe kufanya kazi yake sawasawa. Kila ugonjwa unamtia nguvu mwenzake. Utafiti umeonyesha kuwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya 2 wakitibiwa fizi zilizooza, wastani wa sukari yao ya miezi mitatu hushuka. Hushuka kidogo, lakini bila kuongezewa kidonge hata kimoja. Basi naona si haki mgonjwa aende kliniki miaka nenda miaka rudi, apimwe presha, akaguliwe macho na miguu, asiambiwe hata mara moja, "Hebu fungua mdomo."

Moyo nao haujasalimika. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kuota kwenye vali za moyo, yaani milango midogo inayoongoza damu, hasa kwa mwenye vali ya bandia.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watu karibu bilioni 3.5 wana magonjwa ya kinywa. Kinga yake hata si ngumu: dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili, kisha kutema bila kusukutua maji mengi.

Anayenihuzunisha zaidi ni mzee asiyeweza tena kushika mswaki. Anaogeshwa, anabadilishwa nguo, analishwa, kinywa kinasahaulika. Mate yenye vijidudu yakipenya mapafuni humletea nimonia. Tafadhali, unayemtunza, mpigie mswaki kila siku akiwa ameketi wima, na kama ana meno ya bandia, yavue usiku na kuyasugua.